Ujumbe wa "mzigo wako umekwama": ninavyoukagua kabla ya kubofya wala kulipa

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiuza vitambaa na mapazia kwa njia ya simu, nikiagiza bidhaa kutoka Guangzhou kupitia wakala wa Kariakoo na kuzipeleka kwa wateja wa Mwanza, Mbeya na Songea kwa mabasi ya mikoani. Kazi hii hunifanya nipokee ujumbe wa mizigo karibu kila siku, ukiwamo ule wa kitapeli unaodai kwamba kifurushi changu kimezuiwa na kinasubiri ada. Wateja wangu nao huniletea wa kwao wakiniuliza kama ni wa kweli. Nawaandikia hasa wale wanaoagiza kitu mara mojamoja, kwa sababu hao hawajazoea kuona ujumbe halisi, na ndio ninaowaona wakiumia zaidi.

Kwanza, aliyetuma ujumbe huo kwa kawaida hajui kama una mzigo au huna. Anausambaza kwa namba nyingi kwa mpigo, akijua kwamba miongoni mwa wapokeaji hawatakosekana watu wanaosubiri kitu kutoka nje au kutoka mkoani. Usome tena kwa utulivu na utaona hautaji jina lako, wala duka ulikonunua, wala ofisi ulipo mzigo, wala kilichomo ndani. Nafasi hizo huzijaza msomaji mwenyewe kichwani, kwa kuwa anao mzigo anaoufikiria.

Kwa hiyo kinga yangu kubwa ni daftari. Kila ninapoagiza au kutuma kitu huandika jina la muuzaji, tarehe, msafirishaji, namba ya ufuatiliaji, kiasi nilichokwisha kulipa na kiasi kilichobaki. Ujumbe ukiingia ninaanza na daftari, na ikiwa hakuna mstari unaolingana nao, habari yake imekwisha hapo hapo. Mstari ukiwapo, bado situmii namba ya simu wala kiungo kilichoandikwa kwenye ujumbe. Humpigia wakala wangu kwa namba niliyoihifadhi tangu siku ya kwanza, au huingiza namba ya ufuatiliaji kwenye tovuti ya msafirishaji nikiwa nimeandika anwani yake kwa mkono wangu. Utaratibu huu hauhitaji utaalamu wowote, na humfaa hata mzee anayetumia simu ya vitufe.

Namba ya ufuatiliaji yenyewe inaweza kukusaidia ukijua inavyoundwa. Vifurushi vinavyosajiliwa na mashirika ya posta duniani hufuata mfumo mmoja wa Umoja wa Posta Duniani: herufi mbili mwanzoni, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka, kwa mfano CN kwa China au TZ kwa Tanzania. Tarakimu ya tisa hukokotolewa kutokana na nane zilizotangulia, kwa hiyo namba iliyobuniwa ovyo mara nyingi hukataliwa na mfumo. Ujumbe unaojitambulisha kuwa wa posta huku ukikupa namba ya aina nyingine kabisa unastahili kutiliwa shaka. Kampuni binafsi za usafirishaji zina namba za aina zao, na tapeli anaweza pia kunakili namba halali ya mtu mwingine, kwa hiyo kipimo cha mwisho kinabaki kuwa kama namba hiyo ndiyo uliyopewa na muuzaji wako.

Watu wengi hulegea wanapoona ada ni ndogo. Mteja wangu mmoja aliniambia kwamba shilingi elfu mbili na kitu si fedha ya kutapeliwa, na kauli hiyo imenikaa kwa sababu ndiyo hasa tapeli anayoitegemea. Ukurasa unaofunguka baada ya kubofya hukuomba namba ya kadi ya benki, tarehe ya kuisha muda wake, tarakimu tatu za nyuma, na baada ya hapo namba ya uthibitisho ambayo benki imekutumia. Ile elfu mbili ilikuwa kisingizio tu. Kinachotafutwa ni kadi. Wengine hukutaka utume fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kodi ya forodha hapa Tanzania hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato kwa kutumia namba maalumu ya malipo ya Serikali, ile tunayoiita kontroli namba, na haitumwi kwenye laini ya ofisa yeyote, awe amejitambulisha kwa cheo gani. Mizigo ya mabasi nayo ina risiti, na deni lolote lililobaki ninalimaliza dirishani ninapokwenda kuuchukua.

Kuna mbinu nyingine ambayo naiogopa zaidi kwa sababu haiombi fedha hata kidogo. Mtu anakupigia kwa sauti ya heshima, anajitambulisha kuwa ni dereva wa vifurushi, kisha anasema amekutumia namba ya kupokelea mzigo na anakuomba umtajie. Namba inaingia kweli, ina tarakimu sita, lakini imetoka WhatsApp, kwa kuwa wakati huo huo yeye anajaribu kufungua akaunti yako kwenye simu yake. Ukimtajia, anaichukua akaunti, na baada ya muda mfupi ndugu na wateja wako wanaombwa mkopo wa haraka kwa jina lako. Soma ujumbe wenye namba mpaka mwisho kabla ya kufanya lolote, maana ndani yake huandikwa kwamba usimpe mtu yeyote. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio ya WhatsApp leo hii, ili tarakimu hizo sita peke yake zisitoshe kumwingiza mtu.

Zawadi kutoka ughaibuni nayo nisiiache, kwani imewaliza watu ninaowaheshimu. Rafiki wa mtandaoni anasema amekutumia saa, simu na bahasha ya dola, kisha "ofisa wa forodha" anakupigia kutoka uwanja wa ndege akidai ada, halafu faini, halafu cheti, na kila malipo yanazaa mengine. Anayekutisha kwamba utakamatwa usipolipa kabla ya jioni anataka usipate nafasi ya kumuuliza mtu mwingine. Muulize mtu mwingine.

Kuhusu viungo, tazama maneno yanayotangulia alama ya mkwaju (/) ya kwanza baada ya https://, na uyasome kuanzia kulia. Anwani inayoishia na .go.tz ni ya taasisi ya Serikali. Lakini maneno hayo yakiwa katikati na kufuatwa na jina lingine, mwenye tovuti ni huyo wa mwishoni. Vilevile usitulizwe na jina la kampuni linalotokea juu ya ujumbe badala ya namba, kwa sababu jina hilo linaweza kughushiwa na ujumbe wa uongo ukajipanga chini ya ule halisi uliowahi kuupokea.

Ikiwa umeshatoa taarifa au fedha, usipoteze muda kwa aibu. Pigia benki izuie kadi, pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako kwa namba 100 kabla fedha haijatolewa kwa wakala, badilisha namba ya siri, na usifute ujumbe wowote, kwa kuwa polisi watauhitaji. Makosa haya yanashughulikiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Hata kama hukuibiwa, upeleke ujumbe huo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kisha fuata maelekezo ya kutaja namba iliyoutuma. Na katika siku zinazofuata, akijitokeza mtu anayesema anaweza kukurudishia fedha yako ukimlipa ada kidogo kwanza, namba yake nayo itume huko huko.