Jibu: Jason Takes Manhattan ni mbovu kweli?

Ndugu yangu umeuliza kama ile muvi ya nane ya Friday the 13th, zile za kutisha za Jason muuaji mwenye maski, Jason Takes Manhattan ya 1989, ni mbovu vile watu wasema ama yaonewa tu. Mimi nasema ni dhaifu, lakini kosa si la Jason. Shida ni ahadi. Jina ni Manhattan, sehemu ya jiji la New York, posta ni jiji lenyewe, alafu sehemu kubwa ya muvi mko melini na wanafunzi, na hata wakifika mjini, vichochoro vingi vilipigwa Vancouver kule Kanada, Times Square yenyewe waiona kidogo tu. Ni kama uambiwe mwaenda Lamu alafu basi lizime Mtwapa mshinde hapo.

Lakini wallahi usiitupe yote. Kane Hodder, mwigizaji wa Jason, ndani ya ile maski bado atisha, hata akisimama tu bila kufanya kitu. Na ile ngumi ya juu ya paa! Julius, mwanafunzi bondia, ampiga Jason mpaka mikono yaishiwa nguvu, kisha amwambia haya na wewe piga, ngumi moja tu ya Jason kichwa cha Julius charuka, mimi hapo hurudisha nyuma niangalie tena. Mwisho ndio siwezi kuutetea, mambo ya maji ya sumu kwenye mitaro ati Jason ageuka mtoto, hapana.

Usiipime na ya kwanza ya 1980, ile hata muuaji si Jason, ni mamake. Ipime na ya sita ya 1986, ile Jason afufuliwa na radi. Anza na hiyo.