Kabla ya kutazama rangi ya kifutu, tazama mlipo

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuongoza watalii porini, najua mnavyopenda kukariri rangi za vifutu, yaani nyoka wa jamii moja na bafe. Rangi itawachelewesha. Bafe mmoja ni wa manjano, mwingine wa kijivu, mwingine karibu mweusi, na wote ni bafe. Jiulizeni kwanza: tuko mwinuko gani? Mvua hunyesha kiasi gani? Chini pana mchanga, nyasi au majani makavu? Majibu hayo yatawaachia majina machache tu ya kuchagua.

Kwenye mbuga na mashamba, mfikirieni bafe, ambaye wengine humwita moma. Ameenea kusini mwa Sahara, na yupo hata Yemen na Dhofar huko Oman, ila hakai jangwa tupu wala msitu mnene wa mvua. Akisikia hatua zenu hakimbii, hutulia palepale, ndiyo maana watu humkanyaga njiani gizani. Bila tochi na viatu vya kufunika kifundo, msitoke usiku.

Mkiingia misitu ya Kongo, Uganda au mabaki ya misitu mashariki mwa Tanzania, kuna kifutu wa Gabon, mwenye meno ya sumu yanayofikia sentimita 5. Kakamega yupo ndugu yake mwenye pembe puani. Kaskazini mwa Kenya, kwenye ukame wa Turkana na Wajir, ni zamu ya Echis pyramidum: mdogo, mwepesi wa hasira, husugua magamba yake mpaka yakatoa mlio, na sumu yake huzuia damu kuganda.

Ila wanaonigusa zaidi ni wale wa milimani. Usambara, Uluguru na Udzungwa kuna Atheris ceratophora, mwenye vipembe juu ya macho. Kwenye nyasi za baridi za Aberdare na Mlima Kenya, juu ya mita 2,700, anaishi Montatheris hindii. Bonde la Ufa, kuzunguka Naivasha na Elmenteita, kuna Bitis worthingtoni. Hawa wawili wa mwisho hawapo popote duniani nje ya Kenya, na huyo wa Naivasha amezungukwa na mashamba na makazi. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, wakikutana Johannesburg, walikubali ombi la Kenya la kudhibiti biashara yake, pamoja na ya kifutu mwingine, Atheris desaixi, wa misitu ya Mlima Kenya na Nyambene. Kwa hiyo mgeni akitaka kurusha picha mtandaoni pamoja na ramani ya mahali, mkatalieni kwa adabu. Wanaowauza nyoka hawa nao wanasoma mitandao.

Jambo moja linawachanganya wengi: si kila kifutu ana mboni ya wima. Wale wa jenasi ya Causus, mnaowakuta karibu na maji wakiwinda vyura, wana mboni ya duara na hutaga mayai, wakati bafe huzaa watoto hai.

Na mtu akiumwa, msimfunge kamba, msimchanje, msinyonye jeraha. Mvueni pete na saa kabla hajavimba, mlazeni, kiungo kisitikiswe, kisha mpelekeni hospitali. Pigeni simu mkiwa njiani muulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, msije mkafika mkaambiwa muende kwingine.