Maswali yenu: mionzi, tezi ya shingo na vidonge vya iodini

Ninaishi Warsaw. Mwaka 2022 Poland ilisambaza vidonge vya iodini kwa hofu ya kinu cha nyuklia cha Zaporizhzhia, Ukraine, kilichokuwa katikati ya vita. Nimeze kimoja mapema?

Usimeze mpaka mamlaka zitangaze. Tezi ya shingo hufyonza madini joto, yaani iodini, na haibagui iodini salama na iodini-131, ile ya mionzi itokayo kwenye kinu kilichoharibika. Kidonge huishibisha ile salama kwanza. Lakini kinga hiyo hudumu kama saa 24 tu. Muda mzuri ni ndani ya saa 24 kabla ya mionzi kufika, au saa 2 baada yake. Hadi saa 8 bado inasaidia.

Kidonge kinakinga mionzi yote?

La. Seziamu, kwa mfano, ambayo nayo ni ya mionzi na hutoka kwenye kinu, hakiigusi kabisa. Kaa ndani, funga madirisha.

Nina miaka 55, wanangu wana 4 na 9. Nani apewe kwanza?

Watoto, bila mjadala! Kila mmoja miligramu 65, nusu ya kidonge cha 130. Wajawazito na wanaonyonyesha nao wasisahaulike. Wewe, kwa umri wako, faida ni ndogo. Kama una ugonjwa wa tezi, muulize daktari mapema.

Kwa nini huwa mnaonya kuhusu maziwa baada ya ajali ya kinu?

Kwa sababu ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, Aprili 26, 1986. Iodini-131 ilitua kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Baadaye maelfu ya watu waliokuwa watoto wakati huo Belarus, Ukraine na Urusi walipata saratani ya tezi. Poland haikungoja: kuanzia Aprili 29 watoto zaidi ya milioni 10 walinyweshwa iodini ya maji, na maziwa ya ng'ombe waliokula majani mabichi yakadhibitiwa. Kwa maoni yangu hilo la maziwa lina uzito sawa na dawa yenyewe. Iodini-131 hupungua nusu kila siku 8, kwa hiyo maziwa ya unga yaliyofungwa kabla ya ajali yatawavusha watoto wiki hizo mbaya.

Je, tukila chumvi ya madini joto kwa wingi?

Hapana. Machi 2011, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, Wachina waligombania chumvi madukani hadi ikaisha, wakidhani itawakinga. Ili upate iodini ya kidonge kimoja ungelazimika kula kilo kadhaa, na chumvi hiyo ingekuua kabla ya mionzi.