Hana wivu, basi hanipendi?

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale ambapo wewe ulipita haraka. Nitapafikia.

Kwa wasomaji: binti huyu ana miaka 27, anafanya kazi Mtumba kwenye Mji wa Serikali, amepanga chumba Nkuhungu. Mchumba wake ni fundi aluminiamu, karakana yake iko Kizota, na wana miaka miwili pamoja. Kinachomnyima usingizi ni kwamba mwanamume huyu hana wivu. Hagusi simu yake, haulizi alikuwa na nani. Mwezi uliopita, ili amjaribu, binti akaweka status picha aliyopiga na kaka mmoja wa kazini, wameegemeana. Mchumba akaiona, akaandika, "Gauni limekukaa." Basi. Binti akalia hadi alfajiri. Shoga zake wanasema mwanamume asiye na wivu ana mwingine. Anauliza, amwache?

Mwanangu, chini kabisa ya barua umeandika kwamba siku ya mgao maji hutoka mchana, wewe uko Mtumba, na yeye huacha kazi akaja kukukingia. Ukishuka kwenye daladala usiku unakuta pipa limejaa, limefunikwa bati, na juu ya bati kuna tofali ili kuku wa mwenye nyumba wasiliangushe. Halafu ukaendelea na habari za status! Kwa Dodoma hii, mtu anayekumbuka siku yako ya mgao anakuwaza. Fundi akiacha dirisha la mteja nusu, hasara ni yake. Na hilo tofali hakuna aliyemwomba aliweke.

Tumefundishwa vibaya kuhusu wivu, na mimi nilifundishwa hivyohivyo. Nikiwa na umri wako nilikuwa na mwanamume aliyenisubiri getini kila jioni. Wenzangu walinionea gere, nami nikajisifu kwamba ninapendwa. Haikupita miezi mitano akawa anahesabu dakika za kutoka kazini hadi soko la Majengo na kurudi. Nikichelewa kwa kuchagua nyanya, nilikuwa na kesi ya kujibu. Mwisho nikaacha kununua nyanya. Yule hakunipenda kuliko huyu wako anavyokupenda. Aliogopa kunipoteza, na hofu yake nikaibeba mimi.

Shoga yako anayesisitiza kwamba wivu ndiyo mapenzi, umesema mwenyewe kuwa mumewe alimvunjia simu na kumzaba kofi kwa ajili ya meseji. Mwambie, kwa upole, kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mume wala mke haki ya kumpiga mwenzake. Yeye ndiye anayehitaji ushauri kuliko wewe, na nikipata barua yake nitaijibu kwanza.

Lakini sikuachii hivihivi. Unasema, "Angenipenda angejua ninachotaka." Angejuaje? Miaka miwili hujamwambia kwamba unapenda kuulizwa siku yako ilikwendaje, kwamba maneno matamu unayataka hata kama pipa limejaa. Una haki ya kuyataka. Ila umeyadai kwa mtego, na mtu akikuamini ukamfanya ajione mjinga kwa kukuamini, mara ya pili hataamini. Mwambie ile picha uliiweka kwa nini. Utaona aibu, nalijua hilo, ila mwambie.

Nina swali ambalo lingenikosesha mimi usingizi kuliko wivu. Unamwita mchumba, lakini sijaona popote kwamba amepeleka barua kwenu. Labda anajipanga, labda mahari inamtisha, labda anasubiri wewe uanze. Sijui, na wewe hujui, kwa sababu mlikuwa mnahangaika na status. Kujaza maji hakujibu swali hilo. Anaweza kuwa mwema kabisa na bado asiwe tayari kuoa, na hilo unastahili kulisikia kwa kinywa chake, si kwa shoga zako.

Siku ya mgao ijayo omba ruhusa utoke mapema. Mkute kabla pipa halijajaa, mshikilie mpira, na maji yakiwa yanaingia, muulize.