Kabla hujalipa kodi ya mgahawa pwani, nisikilize

Dada mmoja ameniandikia. Kapata banda zuri Jambiani, mwenyewe anataka kodi ya mwaka mzima mkononi, naye kapiga hesabu zake kwa mauzo aliyoyaona Desemba. "Dada, nilipe?" Nikamuuliza: Mei utamuuzia nani?

Tuelewane jamani. Pwani hii ya mashariki ya Unguja wageni huja na pepo za msimu. Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi, watu wa kaiti, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, wanajaa Paje. Kusi ikishika Juni wanarudi, na Julai na Agosti Ulaya nzima ipo likizo. Katikati yake ni masika. Aprili na Mei njia za ndani huwa madimbwi, hoteli kibao hufunga. Ongeza na Ramadhani, inayosogea nyuma kama siku 11 kila mwaka: 2024 ilianza Machi, 2026 iliingia Februari, wageni wangali wengi, na mchana huweki meza nje.

Masika yangu ya kwanza na mgahawa, majirani walifunga, mimi nikabaki. Wakaniita mwehu. Lakini hoteli ikifunga hailali, inakarabatiwa! Wapaka rangi, maseremala, waezekaji wa makuti, wote wale wanakula wapi? Nikaikunja menyu ya Kiingereza, nikabandika sufuria la wali, maharage na mchuzi wa changu. Saa moja asubuhi chai na chapati, kwa bei ya fundi, si ya mgeni. Friza moja nikaizima, maana Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, haijui kama ni masika. Faida ilikuwa kiduchu, ila vijana wangu walilipwa na sikukopa kwa mtu. Walionicheka, ilipofika Juni walikuwa wanahangaika kutafuta wafanyakazi upya.

Nao wakawapata kwangu, ndiyo inayoniuma. Mpishi niliyekaa naye mvua yote, hoteli moja, siitaji jina, ikamchukua wageni walipoanza tu kushuka. Meneja wake nikikutana naye sokoni mpaka leo salamu inanikwama. Tangu hapo mpishi wangu ana fungu lake la nyongeza, analipokea mwisho wa Agosti, si kabla.

Sasa nyie mnaonunua pikipiki Januari kwa sababu meza zimejaa, hiyo pesa ni ya Aprili! Nasema tena, ni ya Aprili. Kila siku ya kaskazi toa kidogo, weka mbali na simu yako, maana iliyo kwenye simu inaliwa. Mnaomba Mungu alete wageni, na akiwaleta, pesa zao mnazitapanya.

Na wewe dada wa Jambiani, mwambie mwenye banda utalipa mara mbili, Januari na Agosti, pesa ikiwepo. Akikataa, muulize Mei iliyopita banda lake alimpangisha nani.