Jibu: Nginx inatoa 403 ilhali faili lina ruhusa 644

Mkuu, umeuliza kwa nini Nginx, programu inayohudumia tovuti, inakurushia 403 (kosa la kukatazwa kuona ukurasa) ilhali index.html lina 644, yaani mwenyewe anasoma na kuandika, wengine wote wanasoma tu. Faili lenyewe halina kosa. Kizuizi kiko njiani. Kwenye Ubuntu, Nginx husoma mafaili kama mtumiaji www-data, na huyo lazima awe na ruhusa ya kupita, ile x, kwenye kila folda kuanzia / hadi mwisho. Umesema tovuti iko /home/deploy/tovuti. Tangu Ubuntu 21.04 folda ya nyumbani ya mtumiaji, kwako /home/deploy, huundwa ikiwa 750, yaani asiye mwenyewe wala wa kundi lake hana ruhusa yoyote, kwa hiyo www-data anakuta mlango umefungwa.

Endesha hii, ikuonyeshe ruhusa za kila folda njiani:

sudo namei -l /home/deploy/tovuti/index.html

Nahisi kwenye deploy utaona drwxr-x---, ndiyo ile 750 kwa herufi. Na /var/log/nginx/error.log itakuwa imeandika "13: Permission denied". Ukikuta "directory index of ... is forbidden", hiyo kesi nyingine, kaangalie mstari wa index kwenye usanidi.

Mimi ningehamishia tovuti /var/www, yaishe. Ukitaka ibaki hapo hapo, wape wengine ile x:

sudo chmod o+x /home/deploy

Halafu kuna aliyekushauri uweke 777, yaani kila mtu asome, aandike na apite; kama umeshaiweka, iondoe leo leo. Hata www-data hapaswi kubadilisha mafaili ya msimbo (code) wako.