Forester ya Turbo Inapotetemeka: Onyeshwa Povu Kabla ya Kufunguliwa Manifoldi

Ukifika gereji na Subaru Forester ya turbo iliyoanza kutetemeka ikiwa imesimama, dawa ya kwanza utakayotajiwa ni plagi. Ya pili ni koili. Ya tatu, pesa zikishaisha, ni silikoni: "Mkubwa, tunapaka kidogo hapa kwa manifoldi, itashika." Manifoldi ni mabomba yanayogawia silinda hewa. Nimetunza injini za EJ20 za lita mbili, kwanza kwenye Forester ya SG5 na baadaye ya SH5, na siku hizi nazikataa zote tatu mpaka nionyeshwe mahali hewa inapovujia.

Injini isiyo na turbo huwa na shida moja tu gasketi ya manifoldi ikivuja: inanyonya hewa isiyohesabiwa. Ya turbo ina mbili, tena zinapingana. Ukisimama kwenye foleni, ndani ya manifoldi mna vakyumu, yaani mvuto wa kunyonya. Hewa inapenya kwenye gasketi mbovu bila kupita sensa ya MAF inayopima hewa inayoingia, mafuta yanakuwa machache kwa hewa hiyo, injini inatetemeka, na taa ikiwaka msimbo wake mara nyingi ni P0171 (mafuta machache, hewa nyingi). Ukishika mlima wa kwenda Limuru na kukanyaga mafuta, turbo inaijaza manifoldi presha na upenyo uleule unaanza kutoa hewa nje. MAF imeshaihesabu hewa hiyo, kompyuta imeshaipangia mafuta yake, lakini kwenye silinda haifiki. Ndipo unapoona moshi mweusi kwenye kioo cha nyuma na gari halivuti.

Dalili hizo mbili zikija pamoja, tafuta kati ya throtobodi (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali) na silinda hedi. Zikija moja moja, hadithi ni nyingine. Gari linalotulia vizuri likiwa limesimama lakini linakosa nguvu na kupiga mluzi turbo inapoingia, mara nyingi lina hosi ya intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyolegea au kupasuka. Linalosumbua wakati wote bila moshi mweusi, lichunguze ule mpira unaotoka kwenye MAF kwenda turbo, maana hapo injini hunyonya tu, haipulizi. (Kama injini yako haina MAF na hupima hewa kwa presha ya manifoldi, usiusubiri moshi mweusi. Utakachoona ni injini kupanda mizunguko ikiwa imesimama, na turbo kufanya kazi ya ziada.)

Jambo jingine linalowapotosha wengi hapa Nairobi ni geji ya vakyumu. Watu husoma mtandaoni kwamba injini nzima huonyesha inchi 18 hadi 20 za zebaki, wanaona 13 kwenye gari lao, na kesho yake manifoldi iko mezani. Takwimu hizo ni za usawa wa bahari. Sisi tuko karibu mita 1,800 juu, ambako presha ya hewa imeshuka kwa takriban inchi sita za zebaki. Gari linalosoma 19 Mombasa litasoma 13 hivi hapa, na halina ugonjwa wowote. Kinachonishtua ni sindano inayochezacheza, au inayosoma chini asubuhi ya baridi kisha ikapanda injini inapopata moto. Chuma kikipashwa hutanuka na kuziba upenyo mdogo, na ndiyo maana gasketi mbovu husumbua zaidi Julai kuliko Februari.

Fungua pia plagi zote nne uzipange kwa upande. EJ ni injini ya kulala: silinda 1 na 3 ziko upande wa dereva kwa magari yetu ya usukani wa kulia, 2 na 4 upande wa abiria. Plagi za upande mmoja zikiwa nyeupe kuliko za upande wa pili, umeshajua gasketi ya kuangalia kwanza. Misimbo ya P0301 na P0303 (silinda 1 na 3 kukosa kuwaka) ikija pamoja inasema hivyohivyo.

Sasa kipimo chenyewe, ambacho ndicho ninachomdai fundi yeyote kabla hajashika spana. Tunatumia mbinu ya fundi wa pancha: hewa na maji ya sabuni. Chukua kizibo cha bomba la plastiki kinachoenea kwenye mpira wa kuingiza hewa, upande wa MAF, kitoboe, utie valvu ya tairi la tubeless. Kifunge kwa klipu. Hosi za kupumulia injini zinazoingia kwenye mpira huo zizibwe, la sivyo hewa itakwenda kwenye krenkikesi (tumbo la injini) na unaweza kusukuma sili za mafuta nje. Throtobodi ya kebo, mwambie mtu akanyage pedali kidogo. Ya umeme huwa imebaki na mwanya ikiwa imezimwa. Kisha tia hewa taratibu kupitia regyuleta, usipite psi 10. Nimewahi kuona mtu akiachia kompresa ya tairi za lori kwenye mpira wa miaka kumi na tano, na jibu alilipata haraka kuliko alivyotaka.

Hewa kidogo itatoka kwenye egzosi kwa sababu daima kuna valvu iliyo wazi mahali fulani. Hiyo iache. Nyunyiza sabuni kwenye viungo vya manifoldi, chini ya throtobodi, kwenye kila injekta na kila hosi ndogo. Kwenye EJ zenye TGV, yaani zile nyumba za vipepeo zilizo kati ya manifoldi na hedi, kila upande una viungo viwili, cha juu na cha chini. Cha chini hakionekani bila kioo kidogo na tochi, kwa hiyo ndicho kinachorukwa. Ukiona mchirizi mweusi wa mafuta na vumbi ukianzia kwenye kiungo, anza hapo. Gari ambalo vipepeo vyake viliondolewa na wapenda mbio, angalia pia vizibo vya matundu ya shafti.

Mashine ya moshi ni nzuri, ila hutumia presha ndogo sana. Upenyo unaofunguka turbo inaposukuma tu unaweza kuipita bila kuonekana. Na ile desturi ya kunyunyiza dawa ya kusafishia kabureta injini ikinguruma siipendi kwenye injini hii. Turbo iko palepale nyuma, upande wa dereva, ina joto kali.

Povu likionekana, ndipo manifoldi inashuka. Kwanza toa presha ya mafuta: chomoa umeme wa pampu, washa injini mpaka izime yenyewe. Punguza maji ya rejeta kama throtobodi yako ina hosi za maji. Manifoldi ikitoka, ziba matundu ya hedi mara moja kwa vitambaa safi na uvihesabu, kwa sababu matundu hayo yanatazama juu na nati ikidondoka inateremka moja kwa moja hadi kwenye valvu.

Kusafisha uso ndiko kunakoamua kama utarudi hapa baada ya miezi sita. Aluminiamu ni laini. Kwangua kwa plastiki au mbao, na kipande kigumu ukilainishe kwa dawa ya kutolea gasketi. Usiruhusu grainda yenye brashi au pedi ya kusugua. Vumbi lake lina chembe kali, likiingia ndani linaenda kula beringi. Kisha laza rula ya chuma juu ya uso na ujaribu kupitisha fila geji chini yake. Ya 0.10 mm ikipita, mimi napeleka sehemu hiyo kwa mtu wa mashine ikasawazishwe. Gasketi mpya haiwezi kusahihisha uso uliopinda.

Gasketi nunua ya kiwandani au ya kampuni inayoaminika, za pande zote mbili na za viungo vyote, hata kama kinavuja kimoja. Kule Kirinyaga Road utapata mtu wa kukukatia ya karatasi kwa makasi ukisubiri. Kwa kifuniko cha gia ya trekta, sawa. Hapa itakutana na petroli, mvuke wa mafuta na presha, na italainika. Gasketi hizi hufungwa kavu. Silikoni ya kawaida huvimba ikiguswa na petroli, ile inayobanwa ikajaa ndani ya tundu humeguka na kunyonywa, na nyingine zina mvuke unaoharibu sensa ya oksijeni. Tena mafuta ya silikoni hufanya gasketi iteleze unapokaza, ikahama kutoka mahali pake.

Bolti zifunge kwa mkono kwanza, zote, ndipo ushike spana ya toki. Anzia katikati ukienda nje kwa msalaba, mzunguko wa kwanza Nm 12 hivi, wa pili Nm 25, ambacho ndicho kipimo cha bolti za manifoldi ya EJ. Injini nyingine, soma kitabu chake. Uzi ukiwa umekwisha kwenye hedi, utiwe uzi wa kuingiza, usikubali bolti ndefu zaidi wala teflon.

Kama kuna pesa imebaki, itumie kwenye mpira wa kuingiza hewa turbo. Unapita chini ya manifoldi, umri wake ni uleule wa gari, na kuubadilisha manifoldi ikiwa juu ni mateso ya siku nzima. Badilisha pia oringi za injekta na hosi ndogo zilizokauka.

Ukimaliza, rudia kipimo cha sabuni kabla ya kuwasha. Chomoa waya hasi wa betri ili kompyuta isahau marekebisho yake ya mafuta ya zamani, yaani asilimia inayoongeza au kupunguza, washa, acha injini ingurume hadi feni izunguke, halafu endesha kawaida kwa siku chache. Magari mengine ya soko la Japani hayaongei na vifaa vidogo vya kusoma misimbo vya bei nafuu, kwa hiyo tafuta fundi mwenye kifaa kinachoelewa Subaru. Marekebisho hayo yakisoma kati ya asilimia hasi 5 na chanya 5 injini ikinguruma gari limesimama, nafunga boneti. Yakiwa bado juu ya 10 lakini yanashuka ukipanda hadi mizunguko 2,500, bado kuna hewa inayoingia, na silegezi bolti za manifoldi tena. Naanza na injekta, kisha hosi ya breki.